Kupanda Nyasi Mahali pa Kufagia

Wadogo zangu wa timu ya nyasi, msicheke: mimi ni mstaafu. Nina miaka kumi na saba, na Jumamosi iliyopita nilirudisha buti, glavu na jembe. Mama Chibwe, mkubwa wetu wa kazi, alikagua mpini, akakagua na viganja vyangu, kisha akasema, "Bon. Sasa uko retraité. Enda uzeeke na bitabu byako." Mwaka huu nina mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, na Tata, baba yangu, amekataa nishike jembe na hesabu pamoja.

Mnanijua. Mimi ndiye Noela asiyeongea. Wakati wa kula ninyi mnatupiana maneno, mimi naikazia macho bukari, ugali wetu, kana kwamba kuna kitu kimeandikwa juu yake. Basi yale ambayo mzee mwingine wa kazi angewasimulia kwa mdomo, mimi nawaandikia, na hata mbele ya karatasi naona haya. Nitaruka mbele na nyuma. Kumbukumbu zangu hazifuati kalenda.

Jambo la kwanza: mtachekwa. Mji mzima unang'oa nyasi, ninyi mnapanda. Siku yangu ya kwanza nilipita mbele ya duka la pembeni na karai la nyasi kichwani, na mzee mmoja akawaita wenzake watoke nje.

"Kuyeni muone! Bale banafundisha majani kuota!"

Pasha, yule mwenzetu mwenye mdomo, hakumwacha. "Ndiyo, tata. Na kesho tutafundisha mbuzi yako kuikula."

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Kisha nikakumbuka ni ardhi gani, nikabadili nia.

Ninyi wadogo kabisa mmeikuta timu tayari, hamjui mambo yalivyokuwa. Nyuma ya kartie, mtaa wetu, kati ya reli na nyumba za mwisho, kuna mlima usio mlima. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilimwaga pale matope na takataka zake kabla sisi hatujazaliwa, mwaka baada ya mwaka, mpaka vikawa kilima cha kijivu chenye mistari ya kijani na ya kutu. Kiwanda kilifungwa, kikabadili wenyewe, kilima kikabaki. Wakati wa mvua kilitoa maji ya rangi ya chai. Wakati wa kiangazi kilitoa vumbi. Sisi watoto tulikuwa tukiteleza juu yake tumekalia vipande vya bati. Wazazi walichota udongo wake kupaka kuta, kwa sababu ulikuwa laini, ulishika vizuri na haukumgharimu mtu. Ukuta wa jikoni kwetu ulipakwa huo. Mama alikuwa akiusifu: "Angalia, hata ufa hakuna."

Hakuna aliyeogopa. Hofu ilikuja na sindano.

Watu wa dispansari walipita nyumba kwa nyumba kupima damu za watoto wadogo. Dido, mdogo wangu wa mwisho, alikuwa ametoka tu kujifunza kutembea, na kama watoto wengine alikuwa akiokota udongo na kuuweka mdomoni akifikiri hatumwoni. Majibu yalipotoka, muuguzi alimwita Mama pembeni. Mimi nilikuwa nimembeba Dido, nikasikia.

"Mama, mutoto iko na plomb mingi mu damu. Ile madini ya risasi. Inatoka mu vumbi ya kule."

"Munipe dawa, mama munganga."

"Dawa ya kwanza njo kumutoa mu vumbi. Hapa sina ya pili."

"Na akibaki vile?"

Muuguzi alimwangalia Dido, hakumwangalia Mama. "Itamuharibia kichwa. Atachelewa kusema. Atachelewa kusoma. Tutamupima tena."

Tangu siku ile nyumba yetu ikawa nyumba ya kusikiliza. Watoto wa rika la Dido walikuwa wakisema "mama", "leta", "hapana". Dido alisema "mmm" na kunyoosha kidole. Mama aliweka sufuria ya maji chini ya vitambaa viwili. Alipangusa meza asubuhi, akapangusa adhuhuri, na kila mara kitambaa kilirudi kijivu. Usiku nilimsikia akimfundisha kwa sauti ya chini: "Sema mama. Sema ma-ma." Kimya. Ndipo nilipojiandikisha kwenye timu. Ninyi mlifikiri napenda bustani.

Sasa niwape ufundi, maana ninyi mmeingia na haraka nyingi.

Nyasi yetu si nyasi yoyote. Tunaichimba kwenye machimbo ya zamani nje ya mji, mahali ambapo majani mengine yote yamekataa kuota lakini hii imezoea shaba. Enjenia wa mradi alitueleza kwamba mizizi yake inashikilia udongo bila kupandisha sumu nyingi kwenye majani. Pasha aliona safari ya machimboni ni ndefu. Jumamosi moja alituletea gunia la nyasi nzuri ya kijani kibichi aliyoing'oa kando ya barabara. Tuliipanda tukimsifu. Jua la kwanza lilipoipiga ikawa njano, jua la pili ikawa majani makavu ya kuwashia moto. Mama Chibwe alisimama juu yake mikono kiunoni.

"Pasha, mwana yangu, ulizika muzuri sana. Sasa tupikie bantu ya matanga."

Kuchimba: usivute nyasi kwa nywele zake. Zungusha jembe mbali kidogo na shina, inua na udongo wake, ufunge kwa gunia lililolowa. Mzizi ukiona jua, umekwisha. Kupanda: mistari ikate mteremko, isiufuate. Ukipanda kuufuata umeyachorea maji njia ya kushukia nyumbani kwa watu. Kisha kanyaga kwa kisigino pembeni ya shina. Mama Chibwe hujaribu kwa kuvuta kwa vidole viwili. Likitoka, unapanda upya, na unasikia habari za ukoo wako wote.

Chokaa ya kutuliza udongo: mgongo wako uwe kwa upepo na mkono wako uwe chini, karibu na ardhi. Pasha aliirusha kama mtu anayelisha kuku, upepo ukaigeuza, akatushukia mweupe kutoka kichwani hadi kwenye buti. Watoto walikimbia wakipiga kelele, "Muzimu! Muzimu iko na jembe!" Tulicheka, lakini macho yalimvimba na tulimwosha kwa maji mengi sana. Tangu hapo miwani ni lazima. Msiivae kwenye paji la uso kama Pasha.

Na hili naliandika kwa herufi nzito moyoni: nguo za kazi haziingii nyumbani. Mimi nilizivulia nyuma ya choo, nikaoga, ndipo nikamgusa mtoto. Nguo zangu zilifuliwa kando, na maji yake hayakumwagwa uani. Kuna faida gani ukifunika kilima halafu ukileta nusu yake nyumbani kwenye mfuko wa suruali?

Mbinu zimebadilika, msidhani tulianza na akili. Mwanzoni malori ya mradi yalileta udongo mzuri, wafanyakazi wakaumwaga juu ya kilima, wakausawazisha, wakapiga picha, wakaenda. Mvua kubwa ya kwanza iliushusha wote. Tuliamka tukaukuta langoni, na chini yake kilima kikiwa uchi kama zamani. Ndipo zikaja mbolea na chokaa, mistari ya mawe ya kuzuia maji, na nyasi ndani ya mistari. Baadaye wakaja kubomoa plasta za kuta zilizopakwa udongo ule, wakazipaka upya. Mama alilia kwa ajili ya ukuta wake. Kisha ikaja hatua iliyonitesa kuliko kilima chenyewe: lupango za watu, yaani nyua za nyumba zao.

Vumbi la miaka yote hiyo lilikuwa limelala kwenye viwanja vyetu, ndani ya ua. Enjenia alisema hakuna njia ya kuondoa udongo wa kartie nzima. Ufunikwe. Na mahali pasipofunikwa, maji yanyunyizwe kabla ya ufagio. Alisema hivyo akidhani amemaliza. Ufagio! Kwetu msichana hupimwa kwa ufagio. Asubuhi alama zake zikionekana uani kama nywele zilizochanwa, wapita njia husema nyumba hii ina mama. Majani yakiota, husema ina uvivu, au nyoka, au maiti. Sasa tunakuja sisi na makarai, tunaomba watu wawe na aibu kwa hiari yao.

Mama Ngoie, jirani yetu wa upande wa kulia, alisimama langoni kwake na ufagio kama askari.

"Mi, mama ya batoto saba, bantu banione nalala mu majani sawa mbuzi?"

"Mbuzi iko na damu muzuri kupita ya batoto yako," akajibu Mama Chibwe.

"Unasema nini?"

"Nasema leta maji."

Na Mama Ngoie, kwa hasira, akaleta maji. Mama Chibwe akapanda shina moja karibu na choo, akamwambia amwagilie mwenyewe. Huo ndio ufundi: mwenye nyumba amwage maji ya kwanza. Mtu haoni uchungu kung'oa ulichopanda wewe, bali alichokinywesha yeye. Na anzeni pembeni, wekeni mawe kuzunguka, pakae kama bustani, muache njia ya kupita. Kufika katikati ya uwanja ni kazi ya msimu wa pili.

Kwetu nilipanda mimi, uwanja mzima, tangu mvua zilipoanza. Mama alimwagilia. Dido alizuiwa ndani au mgongoni mpaka nyasi ishike, naye aligonga mlango kwa kijiko siku nzima. Kufikia mwisho wa mvua ilikuwa imefunga, fupi, ngumu, ya kijani isiyopendeza sana. Kwa mara ya kwanza kitambaa cha Mama kilirudi kutoka mezani kikiwa karibu cheupe. Tulianza kumwachilia mtoto nje. Kipimo cha pili kilikuwa kinakuja.

Ndipo Nkambo alipofika kutoka Pweto, kule ziwani.

Nkambo ni mama mzazi wa Tata. Hakuwa amemwona Dido tangu azaliwe. Mama alinishika mkono kabla gari halijafika. "Usimwambie Nkambo habari ya damu. Atasema mutoto aliharibikia mu mikono yangu. Unyamaze." Kunyamaza ndiyo kazi pekee ambayo sikuhitaji kufundishwa. Tata alikuwa njiani na lori lake kwenda Mokambo, mpakani, kama kawaida, hakukuwa na mtu wa kusimama katikati ya mke na mama mkwe. Na mnajua haya iliyopo kati ya hao wawili. Kwetu Mama hakuweza hata kula akiangaliwa na Nkambo.

Nkambo alishuka kwenye gari la samaki, kikapu chake kimetangulia kwa harufu.

"Bwana yangu iko wapi?" Akamchukua Dido juu. Kwa bibi, mjukuu wa kiume ni bwana, na mimi wa kike ni mke mwenza. "Na we, muke mwenzangu, juu ya nini umekauka hivi? Nilikuwa natuma samaki, ulikuwa unakulaka mifupa?"

Nikacheka chini. Niliona jinsi alivyoiangalia nyasi. Aliikanyaga kwa ncha za vidole, kama mtu anayechelewa misa na kupita mbele ya watu. Nilipaswa kusema wakati ule. Mama aliniangalia, sikusema.

Kesho yake Mama alikwenda sokoni, mimi shuleni. Nkambo alibaki na Dido.

Niliporudi mchana, kabla sijafika langoni, niliona wingu dogo limesimama juu ya ukuta wetu. Miguu ilijua kabla ya kichwa. Nikakimbia.

Sitadanganya: ilikuwa lupango nzuri kuliko zote za barabara yetu. Nyekundu, laini, alama za ufagio zimepinda pamoja kutoka mlangoni hadi langoni. Hakuna hata unyasi mmoja. Kwenye shimo la takataka kulikuwa na lundo, mizizi juu. Na katikati ya uwanja, katika vumbi ambalo lilikuwa bado linashuka, Dido ameketi, miguu wazi, mdomo umelowa, udongo kwenye kidevu, ananichekea.

Nkambo alikuwa ameegemea jembe, jasho linamtoka, amefurahi.

"Angalia, muke mwenzangu! Mama yako anachoka na kazi, njo maana nyumba ilikuwa pori. Niliona haya juu yake. Majirani banapita, banaangalia ndani. Sasa batanyamaza."

Mgeni mwema ndivyo anavyofanya. Haketi kusubiri chakula, anatafuta aibu ya mwenyeji na kuiondoa kimyakimya, mwenyeji akiwa hayupo. Alikuwa amefanya jambo la upendo tangu tulipoondoka.

Nilimbeba Dido, nikamwosha mikono, uso, ndani ya mdomo kwa kidole changu. Alilia. Kisha nikaenda kwenye shimo, nikaanza kutoa mashina na kuyaweka kwenye beseni la maji.

"We! Uko unafanya nini? Nilishatoa ile."

Nilichimba kishimo, nikapanda moja, nikakanyaga. Nikapanda la pili. Nkambo akaja, akaling'oa mbele yangu. Nikalipanda tena. Watu wa nyumba hii hawajawahi kuniona nikimpinga mkubwa, na mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kujiona.

"Noela! Uko na shetani?"

"Nkambo, haikuwa pori." Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Ilikuwa dawa ya Dido. Udongo ya hapa iko na sumu. Balimupima damu. Njo maana hasemi."

Jembe liliteremka polepole. Nkambo aliketi juu ya ngazi ya mlango. Aliangalia mikono yake, akaangalia uwanja, akamwangalia mtoto.

"Nani alijua?"

"Sisi bote."

"Sisi bote njo nani? Na mi niko nani?"

Mama alirudi akatukuta hivyo, mimi magotini na beseni, Nkambo kwenye ngazi. Hakuhitaji kuelezwa. Alitua mzigo wake langoni na kubaki palepale, kichwa chini, kama mgeni nyumbani kwake.

"Mama Noela," Nkambo akasema, taratibu. "Mi nilizala batoto munane. Bane beko mu udongo. Uliwaza nitakucheka juu ya mutoto mugonjwa?"

"Mama, niliogopa."

"Uliniogopa kupita vumbi."

Hawakugombana. Ingekuwa afadhali. Walipiga magoti wote wawili, kila mmoja upande wake, tukapanda mpaka lundo likaisha. Mama Ngoie alitazama juu ya ukuta, akaingia bila kusema kitu na ndoo ya maji. Lakini ninyi mnajua kalenda ya nyasi: mvua zilikuwa zimekatika. Mizizi ilikuwa imeona jua. Baada ya siku chache mashina mengi yalikuwa njano, na upepo wa kiangazi ulikuwa umeanza kusukuma mabati.

Nkambo ndiye aliyetoa hukumu, akiwa anamlisha Dido. "Bwana yangu anaenda na mi. Kwetu Pweto mutoto akikula muchanga, anatapika samaki tu."

Mama hakucheka. Alikwenda ndani, akaanza kukunja vinguo. Nilimwona akikunja shati moja, akilikunjua, akilikunja tena. Siku gari la samaki lilipoondoka, Dido alikuwa juu ya mapaja ya Nkambo mbele kwa dereva, akinyooshea kidole kila kitu, "mmm, mmm." Mama alitembea kando ya gari mpaka lilipopata mwendo.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu. Nilimwagilia mashina machache yaliyobaki kwa maji ya kuoshea mboga. Vumbi lilikuja kama deni. Mtandao wa Pweto unapatikana unapotaka wenyewe, na Nkambo akitupigia alikuwa anapiga kelele kana kwamba simu ni ziwa.

"Amesema! Bwana yangu amesema!"

"Amesema nini, Mama?"

"Samaki! Na maji! Na jana ametukana kuku!"

Mama aliruka, aliimba, akanikumbatia. Halafu Nkambo akamweka Dido kwenye simu. Tulimsikia anapumua. "Mwambie mama yako jambo," Nkambo alisema. Na Dido, kwa sauti tuliyokuwa tumeisubiri mwaka mzima, akamjibu Nkambo, si sisi, wazi kabisa: "Mama, hapana."

Mama alinipa simu. Alikwenda kufagia. Alinyunyiza maji kwanza, alifagia, akanyunyiza tena.

Mvua ziliporudi nilipanda upya uwanja wote, safari hii na Mama Chibwe mwenyewe, bila kulipwa na bila kunitukania ukoo. Nyasi ilishika vizuri kuliko ya kwanza. Mwezi uliopita Nkambo alimleta Dido kwa ajili ya kipimo. Ameongezeka, amekuwa mweusi wa jua la ziwa, anasema bila kunyamaza. Mama alimngojea langoni na mikono wazi. Dido alimwangalia kwa adabu, akamsalimu: "Jambo, Mama Noela." Ndivyo anavyosikia Nkambo akimwita. Tulipomshusha juu ya nyasi, alilia, akainua mguu mmoja, akainua wa pili, akadai abebwe. Inachoma. Yeye anajua mchanga tu. Tulicheka wote, na Mama alicheka mpaka ikabidi ajifute macho.

Muuguzi alisema plomb ya damuni imeshuka. "Haiko bado muzuri. Lakini imeshuka. Muendelee vile munafanya."

Vile gani? Hapa nyasi, kule Pweto. Kipi kilimponya? Tata alisema kwa simu kutoka mpakani kwamba atakubali tutakachoamua. Nkambo alianza kufunga kikapu chake. Gari lake lilikuwa linaondoka kesho yake.

Mama alinikuta naosha vyombo. Aliniongelesha kama mtu anavyomwongelesha fundi, si mtoto wake. "Noela. We njo unajua ile kazi. Nyasi yako inatosha? Nibaki naye?"

Nilimwomba anipe mpaka jioni.

Nilivaa buti, nikakizunguka kilima peke yangu. Upande wa nyumba, nilivuta kwa vidole viwili, mashina yalinishinda. Upande wa barabara, vilevile. Nilijivuna, naandika ukweli, nilijivuna sana. Kisha nikafika upande wa reli. Hatujaufikia. Malori ya udongo hayajauona. Uko kama siku zile za kuteleza na bati, na mvua ilikuwa imekosa kwa siku chache tu, lakini tayari ngozi ya juu ilikuwa imekauka na kuanza kuchanika. Nilisimama pale nikageuka kutazama upepo wa kiangazi unakokwenda ukitokea huko. Mbele yangu moja kwa moja niliona paa letu. Nyasi ya uwanjani kwetu inashikilia vumbi la zamani. Haiwezi kuzuia jipya lisidondoke juu yake.

Nilirudi nikitembea polepole. Dido alikuwa mlangoni, ananiita kwa jina langu, Noela, Noela, neno ambalo mwaka jana ningelipa chochote kulisikia. Mama alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa ameshatandika kitanda kidogo cha mtoto.

"Bado, Mama," nikasema. "Ya kwetu inashika. Upande ya reli iko wazi."

Nilitaka anibishie. Nilikuwa tayari kushindwa. Mama aliitikia kwa kichwa mara moja, akakunja shuka la kitanda kile, akaenda kumwogesha mtoto kwa ajili ya safari.

Kwa hiyo, wadogo zangu, naacha kazi haijaisha, na mimi nalijua hilo vizuri zaidi yenu wote. Enjenia atawaambia mrudie upande wa barabara, kwa sababu unaonekana na wageni. Mwitikieni kwa heshima. Kisha mchukue makarai, mvuke njia, muanzie upande wa reli. Mvua bado zipo.